Taa Ivae Kofia

Jumapili ya tarehe 10 Desemba 2023, mwendo wa saa mbili usiku, stima zilipotea Kenya nzima. Nilikuwa Zimmerman, orofa ya nne, nikikaanga mayai kwa gesi. Chakula hakikukatizwa, lakini simu ilikuwa imebaki na chaji ya asilimia tisa. Majirani wakatoka kwenye korido. Mmoja akauliza kama ni ploti yetu peke yake, swali ambalo kila Mkenya huuliza kwanza kabla ya kuamua akasirike kiasi gani. Hapana, ni mtaa mzima. Baadaye tukasikia ni mji mzima. Kisha nchi. Nikapanda hadi kwenye paa, pale tunapoanika nguo, kutafuta netiwaki.

Nilipoinua kichwa niliisahau hiyo netiwaki. Usiku ule haukuwa na mwezi, na mawingu yalikuwa yameachana. Sayari ya Mshtarii iling'aa karibu na utosi. Chini upande wa mashariki zilikuwa zinapanda zile nyota tatu zilizojipanga mstari, mshipi wa Orioni. Na katikati, kama unga uliobaki kwenye ncha ya kidole, Kilimia. Nilikuwa nimeishi kwenye ploti ile miaka mitatu. Nimeanika nguo pale mara ngapi sijui. Sikuwahi kukiona hata siku moja.

Nikampigia shosho wangu, Kabazi.

"Huku pia zimepotea," akasema kabla sijamuuliza. "Umefunga mlango?"

"Nimefunga, shosho. Niko juu ya paa. Naona nyota, nyingi sana."

Akanyamaza kidogo. "Kwani siku zingine huwa zinaenda wapi, mami?"

Simu ikazima. Tangu usiku ule nimekuwa nikijaribu kumjibu, na jibu limenipeleka mbali kuliko nilivyodhani: Zanzibar, Arizona, hadi baharini Ngomeni. Halafu limenirudisha palepale nyuma ya nyumba yake, kwenye taa moja iliyopigiliwa misumari chini ya paa.

*

Kabazi iko Subukia, kaunti ya Nakuru. Ni nchi ya milima, kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na usiku baridi yake haina mchezo. Ikweta inapita hapo jirani. Shuleni tulifundishwa ikweta kama mstari tu kwenye ramani, lakini hakuna aliyetuambia maana yake kwa mtu anayetazama juu. Maana yake ni kwamba anga haikunyimi kitu. Mtu wa London akiwa kwao hawezi kuuona Msalaba wa Kusini, na mtu wa Cape Town haioni Nyota ya Kaskazini. Kabazi, usiku wa Mei mawingu yakikubali, unaweza kuuona Msalaba upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, bila kuhamisha kiti. Ukikaa mwaka mzima, karibu kila nyota inayoonekana kwa macho kutoka duniani itakuwa imepita juu ya kichwa chako.

Watu wa huku hawakungoja darubini ili kuzipa kazi nyota hizo. Jina lenyewe Kilimia limetokana na kulima. Wazee wa pwani walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ilikuwa kalenda ya shamba, na haikuhitaji chaji. Wamaasai nao walisoma mvua kwenye nyota hizohizo. Wanandi walikiita Koremerik, na kwa kuonekana au kutoonekana kwake walikadiria mavuno yatakuwaje. Haya yaliandikwa na Alfred Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909. Ndani ya kitabu hicho pia yumo mkanda ule mweupe unaokatiza anga, ambao leo tunauita Njia Nyeupe. Kwa Wanandi ulikuwa ziwa kubwa, na watoto wa nyota walikuwa wanaoga na kucheza humo.

Nilipolisoma hilo nilicheka, kwa sababu mimi ni mtoto wa Bonde la Ufa na nimekua nikihesabu maziwa: Nakuru, Elmenteita, Naivasha, Bogoria, Baringo. Kumbe kulikuwa na lingine juu. Hilo halijakauka wala halijafurika. Tumeliwekea tu pazia.

*

Pazia lina historia yake. Simulizi rasmi ya kampuni ya umeme ya Kenya huanzia Zanzibar mwaka 1875, ambapo Sultan Sayyid Barghash alinunua jenereta ya kuangazia jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo akaivusha hadi Mombasa, akaanzisha kampuni ya kuwasha mji. Mwaka huohuo Clement Hertzel alipewa haki ya kuipa Nairobi umeme. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Angalia jina hilo: nguvu na mwanga, na limebaki hivyo karibu hadi leo.

Kwa hiyo mwanga wa umeme ulifika kwetu kama mali ya sultani, halafu ya mfanyabiashara, halafu ya mlowezi. Aliyewashiwa na aliyebaki gizani walijulikana kwa mtaa na kwa rangi ya ngozi. Hii ndiyo sababu neno giza kwetu si neno la nyota. Ni neno la kuachwa nyuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, katika uwanja unaoitwa leo Uhuru Gardens, taa zilizimwa saa sita kamili. Bendera ya Uingereza ikateremshwa gizani. Taa zilipowashwa tena, iliyokuwa inapanda mlingotini ilikuwa ya Kenya. Mtu aliyepanga jambo hilo alijua anachofanya. Tangu siku hiyo, serikali ikitaka kuonyesha imefanya kazi, inawasha taa. Mwanasiasa akizindua kitu, anabonyeza swichi. Na si uongo: mwaka 2015 ulipoanza ule mradi wa Last Mile wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, watu waliokuwa wakiziona nyaya zikipita juu ya paa zao tangu utotoni walipata stima kwa mara ya kwanza. Siku hizi takriban robo tatu ya Wakenya wana umeme. Shosho alipata mwaka 2016. Alikaa sebuleni akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima, hadi anko akamwambia ataunguza balbu.

Naandika haya mapema ili usije ukadhani mimi ni wale watu wanaokuja kijijini na gari kubwa, wakapiga picha ya koroboi na kusema ni nzuri. Koroboi haina uzuri. Nimesomea darasa la saba kwa koroboi, na asubuhi kamasi ilikuwa nyeusi.

*

Kuna taa nyingine ambayo kila mtu wa Nairobi anaijua: mulika mwizi. Kabla neno hilo halijawa jina la simu ndogo yenye tochi, au pamoja nalo, lilikuwa jina la ile milingoti mirefu yenye taa kali kileleni inayosimama katikati ya mitaa ya mabanda. Mwaka 2002 Esther Passaris alianzisha Adopt-a-Light, kampuni iliyowasha barabara za Nairobi kwa pesa za matangazo kwenye milingoti, na baadaye taa za juu zikaanza kuota mitaani. Watu walizishangilia. Mama mboga aliongeza saa mbili za kuuza. Mwanamke anayeshuka matatu saa nne usiku alipata uso wa kutazama badala ya kivuli.

Mimi ndiye huyo mwanamke. Napita chini ya mlingoti kama huo kila nikitoka kazini, na nikifika pale mabega yangu hushuka. Siwezi kujifanya hilo halipo.

Na siwezi kujifanya Januari 2008 haikuwepo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, sehemu nyingi za Bonde la Ufa ziliwaka. Nilikuwa mtoto, na ninachokumbuka ni shosho akizima taa ya chemni na kutukalisha chini nyuma ya gunia za mahindi. Mbali ng'ambo ya bonde kulikuwa na mwanga mwekundu mahali ambapo hapakuwa na mji. Hakuna aliyesema ni nini. Usiku ule, na mwingine uliofuata, giza ndilo lililotusitiri, kwa sababu nyumba yenye taa ni nyumba yenye watu. Lakini aliyeketi gizani akisikiliza hatua za watu hatamani giza tena. Ndama wa shosho alipoibwa mwaka 2021, anko hakuuliza mtu. Alienda Nakuru akanunua taa kubwa ya LED, ile ya bati bapa yenye mwanga mweupe kama wa chumba cha upasuaji, akaipigilia nyuma ya nyumba ikitazama bondeni.

Nilipoenda Krismasi ya mwaka huo, nilitoka nje usiku nikasimama mahali nilipozoea kusimama. Juu hakukuwa na kitu. Upande wa kusini, nyuma ya milima, Nakuru, iliyokuwa imepewa hadhi ya jiji mwezi huohuo wa Desemba, ilikuwa inafukiza mwanga wa rangi ya chungwa hadi nusu ya anga. Sentani nayo ilikuwa na mlingoti wake. Na nyumbani kwetu, ile taa.

Sikusema neno. Ningesema nini? Shosho, zima taa, nataka kuona nyota?

*

Basi baada ya usiku ule wa paa la Zimmerman nikaanza kusoma, na nikagundua kuna watu waliotangulia kukwama pale nilipokwama.

Mmoja wao ni Tim Hunter, wa Tucson, Arizona. Kazi yake ilikuwa kusoma picha za eksirei hospitalini. Usiku alikuwa mpenda nyota, mwenye darubini yake na hakuna aliyemlipa. Katika miaka ya 1980 aliona kwamba anga ya nyumbani kwake haikuwa ile ya ujana wake, na akataka kujua kama kuna la kufanya. Alimwendea David Crawford, mwanafalaki wa kazi katika kituo cha Kitt Peak, na mwaka 1988 wakaanzisha International Dark-Sky Association, shirika la kulinda giza la anga ambalo leo linaitwa DarkSky International. Arizona haikuwa ngeni kwa vita hivyo. Mji wa Flagstaff ulikuwa umetunga sheria mwaka 1958 kudhibiti taa za matangazo zinazofagia mawingu.

Mwingine ni John Bortle, naye mpenda nyota asiyelipwa, wa jimbo la New York. Mwaka 2001 alichapisha katika jarida la Sky & Telescope kipimo cha ngazi 9. Ngazi ya 1 ni anga ambayo Njia Nyeupe inaweza kutupa kivuli chini. Ngazi ya 9 ni katikati ya jiji, ambako Kilimia ndicho karibu kundi pekee la nyota unaloweza kulitambua, ukikiona. Hahitajiki mtambo. Unahitaji macho yako, subira, na uaminifu wa kuandika ulichokiona, si ulichotamani. Huko Italia, katika eneo la Lombardia, wapenda nyota walizunguka wakikusanya sahihi hadi mwaka 2000 ikapitishwa sheria kwamba taa mpya za nje zisirushe mwanga juu.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha Los Angeles. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la ardhi lilizima umeme mjini, na watu wakakimbilia nje. Ed Krupp, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha kutazama nyota cha Griffith, amesimulia kwamba walipigiwa simu na watu waliotaka kujua kuhusu anga ya ajabu iliyotokea baada ya tetemeko. Kulikuwa na nini kule juu? Zilikuwa nyota tu. Watu walikuwa hawajawahi kuziona. Nilisoma hilo nikajikumbuka kwenye paa, nikiwa na asilimia tisa.

Nilichotegemea kukuta kwa watu hawa ni chuki ya taa. Sikuikuta. Walichokuwa wakidai tangu mwanzo ni kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: taa imulike inapohitajika, kwa kiasi kinachotosha, na kwa saa zinazofaa. Taa ivae kofia ili mwanga uende chini ardhini. Rangi yake iwe ya manjano, si nyeupe-buluu, kwa sababu mwanga wa buluu hutawanyika zaidi hewani, kwa kanuni ileile inayolipa anga la mchana rangi yake. Mwanga unaoelekea juu haumlindi mtu yeyote. Unagonga vumbi na unyevu hewani, unarudi ukiwa ukungu, na ukungu huo ndio pazia.

Kwa hivyo jibu la swali la shosho ni kwamba haziendi popote. Nuru ya Kilimia iliyofika kwenye jicho langu ilisafiri miaka 440 hivi. Ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Imevuka nafasi hiyo yote, halafu inashindwa kwenye kilomita chache za mwisho na taa ya mtu anayetangaza magodoro.

*

Pazia linazidi kuwa zito. Mwaka 2016 Fabio Falchi na wenzake walichapisha ramani ya dunia ya mwanga wa usiku. Zaidi ya watu 80 kati ya kila 100 duniani wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, na zaidi ya thuluthi moja ya binadamu hawaioni Njia Nyeupe wakiwa kwao. Mwaka 2023 Christopher Kyba na wenzake walitoa matokeo mengine katika jarida la Science. Hawakutumia mitambo ya angani. Walichambua zaidi ya taarifa 51,000 zilizotumwa kati ya 2011 na 2022 na watu wa kawaida, kupitia mradi wa Globe at Night, ambapo unatazama kundi la nyota na kuchagua ni mchoro upi unaofanana na unachokiona. Wastani wa ongezeko la mng'ao wa anga ulikuwa asilimia 9.6 kwa mwaka. Walitoa mfano: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, atakapotimiza miaka 18 zitakuwa zimebaki 100 hivi.

Setilaiti zilikuwa zikisema ongezeko ni dogo zaidi. Sababu moja ni kwamba zile zinazopima mwanga wa usiku hazikioni vizuri kipande cha buluu cha taa za LED, wala mwanga unaotoka kwa ubavu. Macho ya watu waliosimama nyuma ya nyumba zao yaliona kile mtambo haukukiona.

Lakini taarifa nyingi kati ya hizo 51,000 zilitoka Ulaya na Marekani Kaskazini. Kutoka Afrika zilikuwa chache mno kwa watafiti kutuhesabia kasi yetu. Ndivyo tunavyopoteza kitu bila hata kuandikwa kwenye daftari la waliopoteza.

Na si kwamba anga ni kitu cha wageni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kutazama eksirei za angani. Marjorie Townsend, aliyeuongoza mradi huo NASA, aliipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku na ya nchi. Setilaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei na kusaidia kutambua kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Nilimaliza sekondari bila kulisikia hilo. Neno letu limeandikwa kwenye historia ya falaki, na sisi tunalijua kama jina la barabara, bustani na rais.

Siku hizi Susan Murabana na mumewe Chu Owen, kupitia The Travelling Telescope, wanazunguka na darubini kubwa shuleni ili watoto waone pete za Zohali kwa macho yao wenyewe. Wanapotaka kuwaonyesha watu anga yenyewe, wanawapeleka Samburu. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Ila inanisumbua kwamba kitu kilichokuwa nyuma ya kila nyumba sasa kina nauli.

*

Desemba 2024 nilirudi Kabazi, siku chache kabla ya mwaka mpya, mwezi ukiwa umekwisha. Safari hii nilizungumza. Nilimweleza anko habari za Hunter na Bortle, naye akasikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri umalize.

"Hao wa Arizona," akasema, "wameibiwa ndama wangapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba tufanye jaribio moja tu, na likishindwa sitalitaja tena. Shosho akae mlangoni mwa jikoni, pale anapokaa akisikia mbwa akibweka. Anko atembee kutoka getini hadi kwenye mikahawa, asimame mahali mwizi angesimama. Taa iwe kama ilivyo.

Shosho akakinga macho kwa mkono. "Simwoni," akasema. "Taa inanichoma."

"Niko hapa!" anko akapaza sauti. Alikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwetu, nyuma ya mwanga. Kutoka kule yeye alikuwa anatuona wote wawili, hadi rangi ya leso ya shosho.

Nilichukua spana. Ile taa ilikuwa na boliti mbili tu ubavuni. Nikailegeza, nikaiinamisha hadi uso wake ukatazama ardhi, nikaifunga. Fundi wa bati pale sentani alikuwa amenikatia kipande cha debe kuukuu la mafuta ya kupikia, nikakifunga juu kama kofia, nikiacha nafasi ili joto litoke. Mwanga ukaanguka uani kama mkeka: mlango wa zizi, kamba ya nguo, jiwe la kufulia. Zaidi ya hapo ukaisha taratibu. Tukangoja dakika kama kumi macho yazoee.

"Sasa namwona," shosho akasema. "Amevaa ile jaketi mbaya."

Anko alirudi akaitazama kofia ya debe kwa muda. Akasema tutaijaribu hadi Pasaka, na ndama akipotea nitamnunua. Nilikubali. Hakuwa amekosea kuniwekea dhamana. Ni rahisi kupigania anga ikiwa zizi si lako.

Sitaki kukudanganya kuhusu kilichofuata. Mlingoti wa sentani bado unamulika mawingu. Nakuru bado inafuka upande wa kusini, na jiji halitapungua. Heroe wa Ziwa Nakuru, ambao huhama kati ya maziwa yetu mara nyingi usiku, watazidi kupita juu ya taa nyingi zaidi kila mwaka. Kelele tumezitungia kanuni tangu 2009, hata jirani akipiga muziki unajua pa kumshtaki. Mwanga bado hatujauzoea kama kitu kinachoweza kumwagika kwenye shamba la mwenzako. Kofia moja ya debe haibadilishi ramani ya Falchi.

Lakini uani kwetu, upande wa juu, pazia lilikuwa limefunguka kiasi. Mshtarii ilikuwa palepale karibu na Kilimia mwaka huo, kama jirani aliyehamia. Nilimwambia shosho ahesabu nyota za Kilimia. Watu wengi huona sita. Alihesabu kwa kidole, polepole, kwa Kikuyu, akapotea, akaanza tena. Alifika saba. Mimi nilifika sita, na nina miaka hamsini pungufu yake. Nilitoa simu, nikapunguza mwanga wa kioo chake, nikafungua michoro ya Orioni, nikachagua unaofanana na tulichokiona, nikatuma: tarehe, saa, Kabazi.

"Umetuma wapi?" akauliza.

"Kwa watu wanaohesabu."

"Waambie hapa ni saba."

Aliinuka akashika kiti chake. Baridi ilikuwa imeanza kupanda kutoka bondeni. Alipofika mlangoni aligeuka, akaitazama taa chini ya kofia yake, kisha akanitazama mimi.

"Geti umefunga?"

Nikaenda kulifunga. Njia nzima niliiona vizuri.